Samaki wa Kuangalia

Juzi, kwenye uwanja wa ndege wa mji wa baridi ninakoishi sasa, afisa wa forodha alitoa mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, kwenye sanduku langu, akaushika kwa vidole viwili na kuniuliza ni nini. Nilikuwa nimetoka Bujumbura, na nimesoma vya kutosha kujieleza kwa lugha yake. Lakini neno lililonitoka lilikuwa moja tu, tena kwa Kiswahili cha nyumbani, kinachoita kila kitoweo mboga: "Mboga." Aliniangalia, nami nikamwangalia, na kwa kitambo nikawa mtoto tena, nimeshika upindo wa kitenge cha Bibi kwenye bandari ya Bujumbura, tukisubiri kujua kama samaki wa Babu watavuka au la.

Ngoja nikueleze, maana ukisikia kwamba katika miaka ile ya vita mtu mzima alifuga samaki ndani ya nyumba pale Kinama, mtaa wetu wa Bujumbura, utauliza kama majirani walivyouliza: kwa nini?

Babu alikuwa karani wa posta, na posta ya wakati ule ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa. Njia ikiwa salama alipanda baiskeli hadi Ruziba, ufukweni mwa ziwa, akawangoja wavuvi waliotega karibu na miamba ya kusini. Wao walitaka ndagala na mikeke, samaki wa kuuza sokoni. Visamaki vya rangi vilivyonasa bila kutakiwa walivitupa mchangani, na Babu aliviokota na kuvitia kwenye bidoni la maji kabla havijafa.

Nyumbani vilihitaji mahali pa kukaa. Vita vilipoanza, madirisha yetu mengi yalipasuka, na Bibi aliyaziba kwa maboksi na vipande vya bati. Babu alikusanya vioo vilivyosalia vizima, akavikata, akaviunganisha kwa gundi nyeusi ya mafundi. Hivyo sebule yetu ikawa na giza mchana kutwa, na samaki ndio walioishi kwenye madirisha. Asubuhi mlango ukifunguliwa, jua lilipenya majini, na vivuli vya mikia vikatembea ukutani, juu ya picha ya ndoa ya Babu na Bibi.

"Muzee," jirani yetu fundi cherehani alimwambia, "wenzako wanachunga ng'ombe, we unachunga samaki! Utakamua nini?"

"Macho yangu ndiyo yanakunywa," Babu alijibu.

Bibi naye hakuacha ipite. "Mi sijaona mutu anaweka mboga kwenye kioo, kisha anakula maharagwe."

Na kweli tulikula maharagwe. Maharagwe na ugali wa muhogo, siku njema majani ya lengalenga kwa mawese. Nakumbuka harufu ya yale mawese ikichanganyika na harufu ya mawe mabichi kutoka kwenye vioo, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji, kopo kwa kopo, kabla ya chakula. Bibi alipakua sahani ya Babu, akapakua yangu, kisha akaketi na mikono mapajani. Yake hakuipakua. "Nimeshaonja jikoni," alisema. "Nimeshiba."

Siku moja niliona samaki mmoja, mweusi mwenye mkanda wa njano kiunoni, haji tunapomwaga chakula. Alikaa nyuma ya jiwe, mdomo ameufunga, taya limevimba. Nikauliza anaumwa nini.

"Haumwi. Ana watoto mudomoni," Babu alinong'ona.

Akanieleza kwamba jike wa aina ile huokota mayai yake na kuyatunza kinywani mpaka yawe watoto wa kuogelea, na siku zote hizo hali chakula. Akishtuka sana anaweza kuwatema kabla hawajakomaa. Sikuamini. Mimi hata wakati ule sikuamini jambo kwa kuambiwa tu. Niliuliza watapumuaje, na mama yao akipiga miayo je. Babu aliniambia ningoje. Nikangoja, na nikaona kwa macho yangu: mdomo ukafunguka, wakatoka.

Tangu hapo niliogopa mabomu kwa ajili ya samaki. Vilima vilipounguruma, maji kwenye vioo yalitetemeka kabla masikio yetu hayajapata kitu. Babu alikimbia kuwafunika kwa blanketi, na Bibi alilalamika kwamba kwenye nyumba hii samaki wanafunikwa kabla ya mjukuu. Yeye hakuvisogelea vile vioo. Ndivyo nilivyodhani.

Mtaa ulianza kupungua watu. Yule fundi cherehani aliondoka na mashine yake kichwani. Mama yangu alikuwa ametangulia Kigoma kufanya biashara ya vitenge, na kila mara alituma neno kwa watu wa mashua: njooni. Babu alikataa. Nyumba ya nyuma yetu ilipochomwa, akakubali kwa sharti moja, kwamba samaki waende naye. Bibi hakubishana. Alikuwa akifunga sufuria.

Samaki wengi Babu aliwarudisha ziwani. Aliowapenda zaidi aliwatia kwenye mifuko ya plastiki yenye maji, akaijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, akaipanga ndani ya karai. Alikuwemo Meya, dume kubwa lenye kichwa cha buluu, tuliyempa jina hilo kwa sababu alikagua kila kona na hakufanya kazi yoyote. Alikuwemo pia yule jike mweusi wa mkanda wa njano, ambaye safari hii mimi nilimwona kama majike wengine.

Bandarini, kwenye duane, yaani forodha, foleni ilikuwa ndefu. Afisa alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Akafunua karai.

"Muzee, hii ni nini?"

"Samaki."

"Samaki naona. Unawapeleka wapi?"

"Kigoma."

"Kigoma samaki wameisha?"

Foleni nzima ikacheka. Babu akajikaza. "Hawa si wa kukula. Ni wa kuangalia."

Ndipo alipoharibu. Samaki wa kula walipita bila swali, vikapu kwa vikapu. Mnyama hai wa kufuga alitakiwa awe na karatasi ya daktari wa mifugo.

"Daktari yuko wapi?" Babu aliuliza.

"Alikimbia, muzee. Labda mutamukuta Kigoma."

Nilishindwa kunyamaza. "Wametoka ziwani, wanaenda ziwani. Ziwa ni lile lile. Karatasi ya nini?" Bibi akanibana bega.

Afisa hakukasirika. "Kamuulize mukubwa wangu," aliniambia. "Akikujibu, njo uniambie na mi."

Honi ya mashua ikalia. Babu alikuwa amelikumbatia karai kama mtu aliyeambiwa aache mkono mmoja. Kijana yule alimtazama, kisha akasogea karibu.

"Muzee, sikia. Mi naweza kuandika mboga. Lakini karai zima la mboga yenye kuogelea, mukubwa atacheka kwanza, kisha atanifukuza. Mumoja. Mumoja nitaandika mboga ya mutoto."

Sijawahi kumwona Babu akiwa mdogo vile. Aliinama, mkono wake ukapita juu ya mifuko, ukatua kwenye mfuko wa Meya.

"Wacha huyo mwanaume," Bibi akasema. "Chukua yule mama asiyekula."

Babu akainua kichwa. Akauangalia mfuko wa jike mweusi, taya lake lililojaa kidogo tu, kisha akamwangalia mkewe.

"We ulijua?"

"Nina macho."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Fanya haraka, mashua inaenda."

Babu alikwenda ukingoni mwa gati, akafungua mifuko mingine mmoja mmoja na kuimwaga. Meya alikuwa wa mwisho. Alizunguka mara moja chini ya ngazi, kama kawaida yake ya kukagua, akazama.

"Hao watafika mbele yenu," afisa akasema, "na bila karatasi." Babu akacheka, na machozi yakamtoka.

Bibi alimbeba jike mwenyewe. Aliufunga mfuko tumboni kwa kitenge, gizani, asishtuke. Safari nzima mdomo aliufunga, alikataa mkate, akaufungua tu kuniambia nisimtikise nikijisogeza. Kigoma tukapangwa mstari tena. Tukaulizwa sisi ni nani, tumetoka wapi, karatasi zetu ziko wapi. Samaki hakuulizwa neno.

Kwa Mama tulimweka kwenye beseni lenye mawe mawili. Tuliogopa kuinama juu yake. Siku kadhaa alikaa kimya kwenye kona, taya limejaa, nami nikaanza kushuku kwamba alikwisha kuwapoteza njiani, kwamba Bibi alikosea. Kisha asubuhi moja mdomo ukafunguka. Walitoka weusi tititi, wenye vitone vyeupe, kama masizi ya sufuria yaliyonyunyiziwa unga. Tulijaribu kuwahesabu tukashindwa, kila mtu na hesabu yake. Mama yao akapanda juu, akameza chembe ya kwanza ya ugali aliyotupiwa.

"Haya," Bibi akasema. "Sasa amekula."

Jioni ile alipakua sahani ya Babu, ya Mama, na yangu. Halafu akachukua sahani ya nne, akaijaza ugali na mikeke, akaketi katikati yetu na kula pole pole mpaka akaisafisha.

Watoto wale walipokua tuliwapeleka ziwani. Babu na Bibi wamelala Kigoma, makaburi yao yanaliangalia lile ziwa. Safari hii nilipita Kinama kutafuta nyumba. Nimeikuta, imepakwa rangi, ina madirisha ya vioo pande zote. Ndani ya dirisha moja alisimama mtoto ameegemeza paji la uso kwenye kioo, ananitazama, nami nikasimama namtazama kwa muda mrefu mpaka mtu akaja kuuliza ninataka nini. Nikaondoka. Bandarini banda lile la duane sikuliona tena, na yule kijana wa macho yasiyolala sijui vita vilimwacha wapi.

Mimi ninayeuliza kila kitu, niliyemhoji Babu juu ya miayo ya samaki, sikuwahi kumwuliza Bibi alichokuwa akionja jikoni.

Afisa wa uwanja wa ndege alinirudishia mfuko wa ndagala. Nikafunga sanduku, nikapita.