Hester Alipobebwa Kama Mfalme

Mwezi ulikuwa haujatimia tangu Hester Garfoot amzike mumewe, Wilf, pale Clem Tasker muuza nyama alipokuja kubisha mlango wa nyuma.

"Shemeji, siku ya mfalme ndiyo hiyo inakuja," alisema. "Hatuna wa kulala kwenye machela."

Kila Oktoba, watu wa Aldersby huigiza jinsi Mfalme John, aliyetawala nchi yao karne nyingi zilizopita, alivyopitishwa kijijini kwao kwa machela akiwa hoi kwa tumbo la kuhara, siku chache kabla hajafa. Tangu ujanani, mfalme alikuwa Wilf. Alikuwa mwembamba, tena hakuona haya kuugulia mbele za watu.

"Wewe mwenyewe je?" Hester aliuliza.

"Wabebaji wamenikataa. Wanasema bora wabebe ng'ombe."

Hester akasema basi atalala yeye. Siku hizo alikuwa akikubali kila kitu: chai, pole, kupelekwa kanisani na kurudishwa.

Siku yenyewe alivaa joho jekundu la Wilf, akajilaza. Wabebaji walikuwa wanne walewale waliobeba jeneza. Aliwatambua walipomwinua, kwa jinsi Noel wa upande wa kushoto alivyohema. Akangoja uchungu umpande. Haukuja. Manyunyu yakamdondokea usoni, naye hakuyafuta.

"Guna basi, shemeji," Clem alimnong'oneza akitembea kando. "Watu wametoka mbali. Wilf alikuwa akiguna mpaka mbwa wanabweka."

"Sina cha kuguna."

"Mfalme gani huyu, tumbo linamkata na katulia kama yuko kwa kinyozi."

Noel akacheka, machela ikayumba, akaomba radhi.

Wakamtua mlangoni mwa kanisa. Desturi ilikuwa mfalme ainuke, watu washangilie. Hester hakuinuka. Si kwamba alikataa. Mwili tu haukuona sababu. Makofi yalianza, yakafifia. Clem akachuchumaa, akavua koti, akamfunika miguu. Wale wanne nao hawakuondoka, wakasimama pale wakilowa.

Baadaye aliketi mwenyewe. Akanywa chai waliyomletea, akala kipande cha keki ya zabibu kavu asijue ladha yake, kisha akamrudishia Clem koti.

"Na mwakani?" Clem aliuliza.

"Mtaniita," Hester alisema, akaenda nyumbani kufungia kuku.