Mama Kurasa na Kivuli cha Mpiga Picha

Saa moja na robo asubuhi, Mama Kurasa anafungua madirisha yote mawili ya sebule yake, ananawa mikono, anaikausha kwa taulo, kisha anaipepea hewani kama mtu anayefukuza nzi. Mkono wenye unyevu, anasema, ni adui mkubwa wa picha kuliko panya.

Mbele yake kuna mlango wa mbao uliolazwa juu ya makabati mawili. Hiyo ndiyo meza. Juu yake pana rula ya chuma, kisu cha karatasi, gundi, na picha sitini za familia moja, kuanzia harusi ya babu hadi kitukuu asiye na jino hata moja.

"Taa za umeme zinadanganya rangi," anasema bila kuinua macho. "Mimi jua likizama nafunga kazi. Mume wangu anadhani nawahi kumpikia. Mwache afurahi."

Jina la Mama Kurasa alipewa na majirani. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza kiwandani, akikata karatasi na kubandika majalada ya madaftari. Siku moja ikaja mashine mpya, na watu kumi na saba wakaambiwa asanteni.

Miezi saba alikaa nyumbani akitazama dari. Kisha akatoa picha za mama mkwe wake zilizokuwa zikigandana ndani ya bahasha, akazipangia kurasa nane. Wifi yake alipoziona, naye akataka zake. Mwaka wa kwanza alitengeneza albamu nne. Mwaka jana, thelathini na moja. Kila moja humlipa karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi wa zamani.

"Kubandika picha kila mtu anajua," anasema. "Kazi ni kuzifanya kurasa ziwe ndugu. Zisivae sare, lakini ukiziona ujue mama yao ni mmoja."

Ndiyo maana rangi zake hazizidi tatu. Ukanda mwembamba wa karatasi hupita upande wa chini wa kurasa zote kwa kimo kilekile, jicho lisipotee njia. Sura ya mtu haiwekwi penye mkunjo. Na picha ya mtu haikatwi, hata kama kidole cha mpigaji kimeingia.

Albamu anayojivunia kuliko zote ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote. Iliagizwa na muuguzi mstaafu wa miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa kwanza katika watoto sita, aliyekuja na kopo la biskuti lililojaa picha mia moja arobaini na tatu. Mama yao alikuwa anatimiza miaka themanini na minne, na watoto wote walikuwa wakutane Jumamosi.

Jumatano muuguzi alipita kutazama. Kurasa ishirini na mbili kati ya ishirini na nne zilikuwa tayari. Mama Kurasa, kama kawaida yake, akahesabu watoto. Watano walikuwepo kila mahali. Wa sita hakuwepo hata mara moja.

"Na wewe je, dada?"

"Mimi ndiye nilikuwa napiga," muuguzi akajibu. "Baba alisema nina mkono usiotetemeka. Usinihangaikie, mama. Hiyo albamu ni ya wenzangu."

Alicheka, lakini uso aliugeuzia dirishani. Mama Kurasa akaona haya. Alikumbuka kitu alichokifanya wiki nzima bila kufikiri. Picha nyingi zilikuwa na kivuli cheusi chini. Yeye alikihesabu kuwa dosari, na kila alipokiona, alichomeka ukingo wa picha nyuma ya ukanda wa kijani ili kifichike.

"Baba yenu aliwaambia mkipiga picha msimame vipi?" akauliza.

"Lipe jua mgongo. Kila siku wimbo ulikuwa huo."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku hiyo ilibidi aambiwe. Muuguzi alipoondoka, Mama Kurasa akachukua uzi wa kushonea, akaupitisha nyuma ya picha ya kwanza na kuanza kuuvuta huku na huku, taratibu, gundi iachie. Picha zile hazikuwa na nakala. Ikichanika moja, imekwenda. Kazi hiyo ilikula Alhamisi nzima na Ijumaa hadi alasiri.

"Moja ilichanika kona," anakiri. "Ipo ukurasa wa tisa. Sikuificha, na nilimwambia mwenyewe."

Alipata vivuli kumi na saba. Alizipandisha picha, akavipanga vyote vikanyage ukanda wa kijani kwa kimo kimoja. Cha kwanza kina misuko miwili na viwiko vilivyotoka nje, mikono ikiwa imeshika kamera. Cha mwisho kimevaa kofia ya uuguzi. Ukifungua kurasa kwa mfululizo, unamwona msichana akikua.

Jumamosi mama yao alifuata ukanda kwa kidole. Ukurasa wa tatu akasimama. "Jamani, viwiko hivi si vya mwanangu mkubwa?" Akarudi mwanzo, akaanza upya, akimwita kila alipomkuta.

"Nililia mbele ya wadogo zangu, jambo ambalo sijawahi kufanya," anasema muuguzi. "Miaka yote nilijua nilikuwepo. Sasa na mimi nimo."

Tangu hapo, swali la kwanza la Mama Kurasa kwa kila mteja ni moja: nani alikuwa anapiga? Sasa anatafuta chumba chenye dirisha kubwa, awafundishe kazi wenzake wawili wa kiwandani ambao bado wanatazama dari. "Mashine ilitutoa," anasema, akijipiga kifua. "Hiki ninachokifanya, ije ijaribu."

Kabla ya kuagana, mpiga picha tuliyekuja naye anampeleka uani ampige picha akiwa na albamu yake. Analipa jua mgongo, kisha anaona kivuli chake kimelala miguuni pa mama huyo, naye anaanza kusogea pembeni.

"Rudi hapohapo, mwanangu," Mama Kurasa anamwambia. "Na wewe uwemo."