Kanuni Mbili, Faili Moja

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu. Mimi na Saidi tulikuwa vijana, tukitengeneza programu ya simu katika ofisi ndogo mtaani Chikongola, chini ya mkuu wetu Bi Mwanaisha. Programu ile iliwaonesha wasafiri saa za pantoni ya Kilambo, maana pantoni huvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji maji yakijaa tu.

Kila tulipoijenga upya, yaani kuiunganisha ili itumwe kwenye simu za watu, kompyuta ilifuata kanuni tulizoiandikia: moja itengeneze ratiba ya mwezi huu, nyingine ya mwezi ujao. Zamani ilizifuata kwa zamu. Ilipoletwa kompyuta mpya yenye nguvu, Saidi akaiamuru izitekeleze zote kwa pamoja, na kazi ya kutwa ikawa ya muda mfupi. Mara mojamoja ujenzi ulikwama. Saidi aliurudia tu mpaka ukapita.

Kumbe kanuni zote mbili zilikuwa zikiandika kwanza kwenye faili moja la muda, la kushikia kazi ambayo haijakamilika. Kwa zamu, hapakuwa na shida. Kwa pamoja, moja ilifuta kazi ya nyingine, na siku ile ujenzi ukapita, lakini ratiba ya mwezi ujao ikatoka kwa jina la mwezi huu.

Mama yake Saidi alikuwa anakwenda Msumbiji kumwona dada yake mgonjwa. Alifika Kilambo kwa saa aliyoisoma kwenye simu, akakuta maji yamekupwa na pantoni imekaa juu ya mchanga. Alipovuka baadaye, dada yake alikuwa ameshakata kauli. Hakumlaumu mtu. Alimwambia mwanawe, "Nilimkuta hasemi tena," basi.

Tulipoligundua kosa, Saidi alitaka turudi kwenye zamu. Bi Mwanaisha akakataa.

"Ukizipanga foleni umelificha kosa, hujaliondoa. Kila kanuni iwe na faili lake, na iseme wazi inasubiri nini kabla ya kuanza."

Tukafanya hivyo, kisha tukaijenga programu tena na tena, kwa zamu na kwa pamoja, mpaka matokeo yakalingana kila mara.

Basi mwanangu, ukiandika kanuni, usidhani nyingine itaitangulia kwa sababu umeiandika juu yake. Taja kila inachokihitaji. Isiguse faili la mwenzake. Na ujenzi ukikwama leo, kesho ukapita wenyewe, usifurahi, tafuta sababu. Mwenyezi Mungu akujaalie subira kazini, na wote watakaoitegemea kazi yako awafikishe salama.