Kazi ya Kwanza Kwenye Seva: Kuleta Pweza

Jamani, leo nimemtuma bosi akaninunulie pweza!

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilikuwa naweka programu ya kufuatilia kazi za mradi wetu wa mwani kwenye seva ya ofisi, hapa Kilwa Masoko. Mara yangu ya kwanza. Kila nikibonyeza, Bismillahi.

Ikakubali! Nikashangilia peke yangu kama mwehu.

Ikabaki barua pepe. Ukimpangia mtu kazi, anatakiwa apate ujumbe. Ikagoma kabisa.

Basi, kwa kuwa barua pepe haziendi, nikaleta utani. Nikaandika: "Kuleta pweza wa kukaanga ofisini. Mwisho saa saba mchana." Mhusika: Bi Mwanahawa, mkurugenzi wetu. Mama ambaye hata kucheka anachekea kwake.

Baadaye nikagundua nimekosea nenosiri la barua pepe. Nikarekebisha, nikaenda zangu kuswali adhuhuri.

Kumbe ujumbe wa pweza ulikuwa kwenye foleni, nilivyorekebisha tu ukaenda!

Narudi, Bi Mwanahawa kasimama mezani kwangu. Ana mfuko, unanukia pilipili na ndimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pweza wako huyu. Sasa nibonyeze wapi ijulikane nimemaliza?"

Nikakosa pa kuuficha uso. Halafu akacheka! Ofisi nzima hoi.

Tumekula mpaka tukalamba vidole. Simu yangu ikalia: kazi mpya, mhusika ni mimi.

"Kuosha sahani zote. Mwisho: sasa hivi."

Nyie mngemtuma bosi wenu nini? Nijibuni taratibu, mikono imejaa povu.