Kete Zilizohesabiwa Kisarawe

Sisi tuliokulia Janga kabla ya simu kuingia mifukoni tulijifunza sataranji kwa kete za udongo, tulizofinyanga wenyewe na kuzikausha nyuma ya darasa. Farasi wetu walifanana na mbuzi. Tulicheza tukitafuna mihogo ya kuchoma, vidole vyeusi kwa masizi, na mwalimu wetu, aliyehamia kutoka Bukoba, alitufundisha ufunguzi wa Kiitaliano mpaka tukauota. Watoto wa siku hizi wanacheza kwenye simu. Wakikaribia kufungwa, wanazima data.

Basi tukaenda Kisarawe kwenye mashindano ya shule. Fainali nilipewa kete nyeupe, nikakutana na kijana wa huko, mpole, jasho linamtoka. Nilifungua Kiitaliano kama nilivyofundishwa. Nikamwachia farasi wawili na ngome kwa makusudi, naye akala zote kwa pupa huku mfalme wake akibaki mpweke katikati. Malkia wangu akambana, hakuwa na pa kwenda; na kwenye sataranji mfalme akifungwa hivyo mchezo umekwisha, hata kete zibaki ngapi. Kijana akanipa mkono, akasema, "Umenimaliza, dada."

Mgeni rasmi alikuwa mzee wa drafti, bingwa wa vijiwe vyote vya pale. Akainama mezani, akahesabu kete zilizobaki, za huyu na za yule, kama wafanyavyo kijiweni mchezo ukikatishwa. Akasema, "Mweusi anazo nyingi. Mweusi kashinda." Kombe likaenda kwa kijana, akalipokea akiangalia chini.

Nilimtazama mwalimu wangu. Alijua. Akapiga makofi. Nilipofungua mdomo akanifinya bega: "Mgeni rasmi hasahihishwi. Nenda kamwamkie, umshukuru." Nikaenda, nikapiga goti, nikampa shikamoo mtu aliyeninyang'anya ushindi wangu. Akaitikia marahaba, akanishauri nisikate tamaa. Mpaka leo nikikumbuka, hasira inanipanda, na zaidi ni kwa yule aliyejua akapiga makofi.

Majuzi binti yangu alisimama kwenye kikao cha wazazi hapa Kibaha, akasema, "Shikamoo mwalimu. Hapa umekosea kujumlisha alama, wa kwanza ni mimi." Shangazi zake wakaguna kwamba watoto wa sasa hawana adabu. Ni kweli, enzi zetu adabu ilikuwepo tele, na mimi nilikuwa nayo kuliko wote. Ningeitoa yote leo hii, nirudishiwe mchezo wangu.