Rael Aliyefunga Msafara

Rael Nasimiyu hakununua baiskeli ili apunguze mwili. Aliinunua kwa sababu alikuwa amechoka kusimama stejini Waithaka kila alfajiri akingoja matatu, mvua ikimnyeshea, na huku alitakiwa awe Upper Hill saa moja kuchemsha chai ya ofisi nzima. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Kimilili, na binti yake Maurine alikuwa akisomea ualimu huko nyumbani. Kwa miaka minne alipita Barabara ya Ngong kwenda na kurudi juu ya baiskeli nyeusi ya mtumba, na hakuwahi kuanguka.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya mawakili. Mmoja wao, kijana aitwaye Kinyanjui, alikuwa ameanzisha klabu ya baiskeli iliyotoka nje ya mji Jumamosi moja kila mwezi. Siku moja alimkuta Rael akifunga baiskeli kando ya jenereta, akamuuliza ametoka nayo wapi.

"Waithaka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kinyanjui akacheka. "Na sisi ndio tunajiita waendeshaji! Mama Maurine, kuja Jumamosi."

Akaenda. Mbio hakuwa nazo, lakini hakuchoka. Baada ya miezi michache wakampa kazi ya kufunga msafara: akae nyuma ya mtu wa mwisho, awe na pampu, tyubu mbili na simu yenye chaji. Sharti lilikuwa moja tu. Mtu akilemewa, ampigie Kinyanjui, na msafara wote usimame.

Mtu wa mwisho karibu kila mara alikuwa Mzee Haron Maina, mpima ardhi mstaafu wa miaka sitini na tatu. Alizaliwa Mutuini, akaoa Mutuini, na bado alikuwa na kishamba cha mboga nyuma ya nyumba zake za kupangisha. Njiani alimwonyesha Rael mipaka aliyoipima ujanani mwake, na ndugu waliokatana mapanga kwa ajili ya futi mbili za udongo. Rael alizipenda hadithi hizo. Nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Jumamosi ya msiba ilikuwa ya mwezi wa pili, jua kali. Walikuwa watu kumi na wanne. Walipita Dagoretti Corner, wakapita Waithaka, wakafika Kikuyu na kupumzika kando ya kibanda cha matunda. Wengine walikula ndizi. Mzee Haron alikataa, akakaa kwenye kreti akikuna kifua kwa kidole gumba. Baada ya hapo wakashika njia ya Limuru, na mashamba ya majani chai yakaanza, kijani hadi macho yanapochoka.

Kilima cha kwanza wenzao waliwaacha. Kilima cha pili Mzee Haron alishuka kwenye baiskeli bila kusema kitu. Rael akasimama.

"Mzee, vipi?"

"Gesi tu. Nilikunywa chai kwa haraka."

Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu, na jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akatoa kikaratasi cha dawa mfukoni, akachomoa kidonge, akakiweka chini ya ulimi. Rael alikuwa amemuuguza mama mkwe wake miaka miwili. Alijua kwamba dawa ya gesi haiwekwi chini ya ulimi.

Akatoa simu. "Wacha nimpigie Kinyanjui."

Mzee akamshika kifundo cha mkono. "Tafadhali usipige. Hawa watoto tayari wananiita babu. Nikibebwa leo, sitatoka nao tena. Na mke wangu Hannah akisikia, hii baiskeli itauzwa kesho."

"Si afadhali iuzwe, Mzee?"

"Mama Maurine, nimekuomba. Kilima ni hiki tu, halafu tunateremka."

Aliomba, ila kwa sauti ya mtu ambaye machifu walikuwa wakimsubiri afike ndipo mkutano uanze. Naye Rael alikuwa ametumia miaka kumi na miwili akiingiza trei kwenye vyumba vya watu kama Mzee na kutoka bila kufungua mdomo. Akairudisha simu mfukoni.

Wakasukuma baiskeli kwa miguu, hatua kumi, kupumzika, hatua kumi. Wakiwa katikati ya kilima simu ikaita. Alikuwa Kinyanjui.

"Mama Maurine, mko wapi?"

"Tuko nyuma. Tunasukuma pole pole."

"Kila kitu kiko sawa?"

Rael alimtazama Mzee Haron. Mzee alitikisa kichwa: usiseme.

"Sawa," Rael akasema.

Hawakumaliza kilima. Mzee alisimama, akaiegemeza baiskeli kwenye ukingo wa barabara kwa uangalifu, akaketi kwenye nyasi, kisha akalala ubavu. Rael alimfungua kofia, akamwita, akampiga mashavu. Wanawake waliokuwa wakichuma chai walitupa vikapu vyao, wakaja mbio. Mmoja alisimamisha pikapu iliyobeba majani ya ng'ombe, wakamlaza juu ya majani hayo. Rael alikipakata kichwa chake njia nzima, akihisi pumzi zikichelewa, zikichelewa zaidi, kisha zikakosekana. Hospitalini daktari hakukaa naye hata dakika tano.

Kinyanjui, ambaye Rael alimpigia akiwa kwenye pikapu, aliwafikia huko akiwa amelowa jasho. Alilia. Kisha akamvuta Rael kando.

"Ilitokea ghafla, sivyo?"

"Haikuwa ghafla. Alikuwa mgonjwa kilima kizima. Hata uliponipigia."

"Sikiliza," kijana akasema. "Familia ina uchungu wa kutosha. Tuseme ilikuwa ghafla. Ni kwa faida yako pia."

Siku ya mazishi, huko Mutuini, wanaklabu walivaa jezi zao. Kinyanjui alisoma kwamba Mzee Haron alianguka ghafla, bila mateso, akifanya alichokipenda. Watu walishusha pumzi kwa faraja. Hannah, mke wa marehemu, aliitikia kwa kichwa kila neno. Rael alikuwa nyuma ya hema na sahani ya chakula mkononi.

Wiki tatu alivumilia. Jumapili ya nne, baada ya kanisa, alikwenda Mutuini kwa miguu. Hannah alimkaribisha, akamwekea chai. Rael hakuigusa. Alieleza yote: kidonge, ombi la Mzee, simu, na lile neno moja alilosema.

"Muda gani?" Hannah akauliza.

"Labda dakika thelathini."

"Dakika thelathini. Na pikapu ilipatikana mara moja."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye niliyemnunulia hizo dawa. Daktari alimkataza vilima mwezi wa kumi na moja. Aliniambia mnazunguka huku chini, kwenye tambarare." Mikono yake ilikuwa imetulia magotini. "Alitudanganya sisi sote. Lakini wewe ulikuwa na simu."

"Ndiyo."

"Nenda, Mama Maurine. Sijakufukuza. Nenda tu."

Jioni hiyo Hannah alimpigia Kinyanjui. Jumatatu kijana alisimama mlangoni pa jiko la ofisi. "Ulikuwa unatafuta nini kule?" akauliza. "Yule mama alikuwa ameshapata amani." Rael aliendelea kusuuza vikombe. Kabla ya saa sita alikuwa ametolewa kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Kazi hakuipoteza, ila tangu siku hiyo Kinyanjui alitaka chai yake ipelekwe na mtu mwingine.

Rael aliendelea kupanda baiskeli, kwa kuwa ofisi haikuwa imesogea karibu. Jumamosi alikaa ndani, akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Maurine alipompigia na kumuuliza habari za klabu, alisema magoti yanamuuma.

Mwezi wa saba, akinunua mboga ya sukuma katika soko la Dagoretti, aliguswa bega. Alikuwa Hannah, amekonda, shuka jeusi mabegani. Walisalimiana kwa mkono.

"Kuna kitu sikukuuliza," Hannah akasema. "Alikuwa anaogopa?"

Rael angeweza kusema hapana. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa tayari kulipokea neno hilo.

"Ndiyo, mama," akasema. "Aliogopa."

Hannah aliitikia kwa kichwa, akachagua fungu lake la sukuma, akaondoka kuelekea Mutuini.