Sola ya Baa Ng'ambo ya Kipsonoi

Nyanchoka alianza na ndizi. Hilo lijulikane mapema, maana yeye mwenyewe hapendi kulisema na watu wa Sotik hawapendi kulisahau. Alikuwa na kibanda kando ya barabara ya kwenda Kisii, na jioni moja akatundika taa ndogo ya sola juu ya mikungu ili wateja waone wanachochagua. Wateja wakaacha ndizi, wakaangalia taa. "Mama Kerubo, hii inapatikana wapi?" Nyanchoka si mtu wa kuambiwa mara mbili. Alianza kuuza taa, na kabla Kerubo hajamaliza shule ya msingi mama yake alikuwa na duka lenye mlango wa chuma, paneli zimeegemezwa ukutani, na watu wanamwita Mama Sola.

Na biashara ilikuwa inakua. Zamani mtu alitaka taa moja ya mtoto kusomea, basi. Siku hizi wanauliza pampu ya kuvuta maji kutoka bondeni, mashine ya kukatia ng'ombe majani, friji ya kuweka maziwa ya jioni mpaka gari lije asubuhi. Mzee mmoja aliuliza kama kuna sola ya kuchuma chai. Nyanchoka alimwambia arudi mwaka ujao, na hakuwa anatania sana.

Adui yake wa kwanza alikuwa mvua. Huku kwenye chai mvua haiombwi, inakuja tu kila alasiri, na mteja akiona wingu anarudisha mkono mfukoni. Nyanchoka alikuwa na jibu lake alilolisema mpaka likamtoka usingizini: "Sora haitaki jua. Inataka mwangaza." Alisema "sora" kwa sababu lugha ya mama yake haina habari na L, na wateja walimcheka kwa hilo, naye akacheka nao huku akiwafungia mizigo.

Adui wa pili hakuwa na jibu lake. Ng'ambo ya mto Kipsonoi kulikuwa na kilima kizima cha watu wenye chai, ng'ombe na mabati mazuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kwake. Walikuja dukani, wakasalimu kwa heshima, wakauliza kila kitu, wakanywa chai yake, wakaenda kununua mbali. Hakuna aliyesema sababu. Haikuhitaji kusemwa. Nyanchoka alikuwa Mkisii, mtu wa upande ule mwingine wa mpaka, mgeni, hata baada ya miaka yote hiyo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Juu ya hayo, kampuni moja kubwa yenye magari meupe ilikuwa imeanza kuzunguka vijiji hivyo. Mumewe, Obure, aliyeogopa mkopo wa paneli, alikuwa amempa neno lake la mwisho: ng'ambo isipofunguka kufikia Krismasi, duka lifungwe, warudi kwa ndizi.

Basi simu ilipolia na sauti ya mzee ikasema inatoka ng'ambo, Nyanchoka alisimama wima kama aliyeitwa na mwalimu.

"Mimi ni Kipkurui. Mwenyekiti wa jengo. Tunataka sola kwa baa."

"Kwa paa ama kwa baa, mzee?"

"Ndiyo," mzee akasema kwa upole. "Kwa baa."

Sasa, mzee Kipkurui ni Mkipsigis wa kuzaliwa, na kinywani mwake P na B wanalala kitanda kimoja. Alikuwa amesema paa. Paa la kanisa lao jipya. Lakini mjini Sotik wiki hiyo kila mtu alikuwa anazungumzia baa mpya inayojengwa ng'ambo, na Nyanchoka akaunganisha mambo haraka, kama kawaida yake.

"Baa ni ile mpya?"

"Hiyo mpya. Ya zamani ilikuwa inavuja."

"Na watu wanakuwa wengi?"

"Jumapili wanajaa mpaka wengine wanasimama nje. Na mwisho wa mwezi tunakesha."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi, mama. Wanaimba, wanaruka, wengine wanaanguka chini."

"Wanaanguka!"

"Tunawaacha tu. Wakiamka wako sawa."

Nyanchoka akachukua kalamu. "Mtataka friji ya vinywaji?"

"Hapana. Kinywaji yetu ni kidogo na si ya kila siku. Mtu anaonja tu, anapisha mwingine."

Pombe gani hiyo, Nyanchoka akajiuliza, kali kiasi cha kuonjwa tu? Lakini aliandaa mzigo.

Shida ni kwamba Nyanchoka ni Msabato, tena si wa kubahatisha. Hajawahi kuweka mguu baa. Alimweleza Obure, na Obure akamtazama, akatazama Biblia iliyo mezani.

"Mimi nauza mwangaza," Nyanchoka akajitetea. "Wakiona vizuri wanachofanya, labda wataacha."

Usiku huo aliomba, akamkumbusha Mungu kwamba kilima ni kikubwa na mlango ni huo mmoja. Alipomaliza kusema amina, alifanya kazi kwa bidii, maana hakujua kufanya kazi nusu. Aliongeza taa nyekundu na kijani za kumetameta, zawadi. Aliongeza spika kubwa, na ndani yake akarekodi tangazo kwa sauti yake mwenyewe, akiwa amejifungia stoo ili majirani Wasabato wasisikie.

Ijumaa alivuka mto na fundi wake, Mogaka. Mzee Kipkurui alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha chai, ila aliwaachia ufunguo chini ya jiwe. Walikuta jengo refu la mabati mapya, mabenchi ndani, ngoma tatu pembeni, na mbele kabisa kitu cha mbao cha kusimama nyuma yake. Msalaba ulikuwa bado kwa seremala.

"Mbona kaunta ni ndogo hivi?" Mogaka akauliza.

"Hujasikia wanaonja tu?"

Wakafunga paneli juu, wakazungusha zile taa nyekundu na kijani pande zote za kaunta, wakaweka spika na kisanduku cha waya juu kwenye boriti ili walevi wasikifikie. Swichi ilikuwa ya kamba ya kuvuta. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na Sabato inaingia, kwa hiyo walibeba ngazi yao wakaondoka mbio.

Jumapili aliitwa kwenye ufunguzi. Alienda peke yake, amejifunga leso kichwani mpaka machoni, asije akatambuliwa na mtu. Karibu na jengo akaona akina mama wengi waliovaa vitambaa vyeupe, wamebeba Biblia, na akafurahi kwa siri: wamekuja kuandamana wapinge baa. Kisha akaona wanaingia. Akasikia wimbo wa tenzi, ule ule anaouimba Jumamosi.

Mzee Kipkurui mwenyewe, mrefu mwenye kofia, akamjia na kumshika mkono kwa mikono miwili. "Mama Sola! Kongoi sana. Umetuwekea sola yetu kwa baa, tunashukuru." Na akaonyesha kwa kidole, juu.

Nyanchoka akainua macho. Paa. Mabati mazuri kabisa.

Alijaribu kusema neno lakini mzee alikuwa ameshamkalisha benchi la mbele. Mvua nayo, kama ilivyo desturi yake, ikafika. Kanisa likawa giza mchana. Stima ya kijiji ilikuwa imepotea tangu usiku. Nyuma yake Mama Bilhah, kiongozi wa akina mama, mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote kilimani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya. Sasa tuone hiyo sola na mvua."

"Mzee, ngoja kidogo..." Nyanchoka akaanza.

Mzee Kipkurui akavuta kamba. Aliivuta kwa furaha, na kwa nguvu ya mtu aliyezoea kuvuta ndama, na kamba ikakatika ikabaki mkononi mwake.

Kanisa likawaka lote, likang'aa, na watu wakasema aaah. Halafu mimbari ikaanza kumetameta nyekundu na kijani. Halafu spika ikakohoa.

"Karibuni nyote wenye kiu! Ingieni! Hapa hakuna mgeni!"

"Amina!" kanisa likajibu kwa kishindo. Mchungaji Bethwel, ambaye hakuwa ameandaa ufunguzi mzuri kiasi hicho, akanyanyua mikono. "Mmesikia, ndugu! Wenye kiu!"

"Kunyweni mjisahau! Baridi iko! Moto iko!"

Amina zikapungua. "Moto... wa Roho," mchungaji akajaribu kuokoa.

"Ukirewa usijari! Boda iko nje mrangoni!"

Hapo hata mchungaji akashusha mikono. Kanisa zima lilisikia mvua kwenye mabati, na sauti ikarudi mwanzo: "Karibuni nyote wenye kiu!"

Kwa mara ya kwanza maishani Nyanchoka aliomba sola ishindwe. Miaka yote alikuwa amewaapia watu kwamba haitazimika kwa sababu ya wingu, na sasa alimwomba Mungu wingu lishinde, hata kwa dakika moja. Lakini alikuwa ameleta betri nzuri, nayo ilikuwa imeshiba tangu juzi. Mara ya pili ikapita, na baridi yake na moto wake. Mtoto mmoja akaanza kucheza.

Nyanchoka akavua viatu. Akapanda benchi, halafu, Mungu amsamehe, akapanda juu ya mimbari, akanyoosha mkono mpaka kwenye boriti na kung'oa waya wa spika.

"Hapa hakuna m..."

Taa zikaendelea kuwaka. Yeye amesimama pale juu, leso imeanguka, uso mwekundu, uso wa kijani, na kanisa zima linamtazama.

"Hiyo sauti ni yangu," akasema. Angeweza kusema ni makosa ya kiwandani, lakini hakuweza. "Mzee alisema baa. Mimi nikadhani ni baa ya pombe. Na nikakuja hata hivyo. Mimi ni Msabato na nikakuja. Nilitaka watu wa hapa wanunue kwangu mara moja tu. Hata kama ni walevi."

"Lakini nilisema baa!" mzee Kipkurui akalalamika, akinyoosha kidole juu. "Si hiyo ndiyo baa?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha benchi lake, kisha kanisa lote, na mchungaji Bethwel akageuka akatazama ukuta, mabega yanatikisika. Mzee mwenyewe ndiye aliyechelewa, na alipoelewa ilibidi akalishwe.

Nyanchoka hakucheka. Alikuwa anafikiria ndizi.

Mama Bilhah akasimama, na vicheko vikapungua, maana si mtu wa kusimama bure. Akatazama taa, akatazama dirishani mvua inavyopiga, akatazama taa tena.

"Mama, hiyo kitu ilikuwa inasema nini mwisho, kabla ukate?"

"'Hapa hakuna...'" Nyanchoka akaanza, na neno lililobaki likakataa kutoka. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Mgeni," Mama Bilhah akasema. "Sisi tumesema amina, tena kwa kishindo. Shuka hapo tuombe, halafu uniambie hiyo friji ya maziwa inakaa namna gani." Akaketi, akafikiri kidogo. "Lakini yangu isiwe ya kuongea."